Nyumba za Pweza za Bi Mwanasiti

Mwaka ambao binti wa Kireno alikuja kukaa kisiwani Juani, Bi Mwanasiti binti Matano alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, meno yake yote kinywani, na nyumba thelathini na nne za pweza ambazo hakuna aliyezijua ila yeye na Muumba wake.

Asiyeujua mwamba atashangaa mtu kuwa na nyumba za pweza. Pweza hukaa tunduni. Ukimtoa kwa adabu, kwa ncha ya mkuki mfupi, bila kuvunja mlango wake, hazipiti siku nyingi kabla pweza mwingine hajahamia. Basi mwanamke mwenye matundu yake hana haja ya kuhangaika. Bamvua likija, maji yakipwa mpaka mwamba ukabaki uchi, yeye hupita mlango hadi mlango kama mwenye nyumba anayezungukia wapangaji. Lakini ukilitia tundu upondo wa chuma na pupa, ukabomoa, tundu hilo limekufa. Hapakai mtu tena.

Matundu hayo Mwanasiti alionyeshwa na mama yake, na mama yake alionyeshwa na bibi. Utaratibu ni mmoja. Binti hufuata nyuma, hasemi, hanyooshi kidole. Mama akisimama naye husimama. Akikumbuka, amerithi. Asipokumbuka, ndiyo riziki yake.

Mwenyezi Mungu alimjalia Mwanasiti mtoto mmoja tu wa kike, Warda. Alipofika miaka tisa akaanza kumfuata mama yake mwambani. Bamvua la kwanza alinyamaza. La pili alinyamaza kwa shida. La tatu alikuja na shoga zake wanne, akasimama juu ya tundu zuri kuliko yote, akanyoosha kidole: "Hapa ndipo mama anapotoa wale wakubwa!" Kabla jua halijazama vijana wa upondo walikwisha fika, na tundu likawa kifusi.

Mwanasiti hakumpiga mtoto. Alimtazama tu, akasema, "Wewe Mungu amekupa mdomo. Katafute kazi ya mdomo."

Warda akasoma mpaka kidato cha nne, akapata kazi Kilindoni kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ambako mtu husema na wateja asubuhi hadi jioni, na kazi ikamkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Alikuja Juani kila mwezi na sukari na sabuni. Wakipendana, wakicheka, wakilala kitanda kimoja kama zamani. Ila habari za mwamba hawakuzungumza tena, miaka ishirini na mitatu.

Binti wa Kireno aliletwa na Mwalimu Sospeter, mtu wa Ukerewe aliyekuwa akifundisha sayansi sekondari, na ambaye kila mwaka alipokea wanafunzi wawili watatu wa vyuo vya nje waliokuja kujifunza Kiswahili na mambo ya bahari kwa wiki sita.

"Bi mkubwa, huyu anaitwa Inesi," alisema Mwalimu, ameshika kola ya koti lake isipeperuke. "Yuko likizo ya kiangazi."

"Kiangazi kipi, Mwalimu, na kusi hili linang'oa masikio?"

"Kiangazi cha kwao."

"Basi angekibeba kidogo akatuletea."

Bi Arafa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitoka na kijiko cha mchuzi mkononi kuja kuona. Aliposikia msichana ni wa Ureno akapiga kofi la mapaja. "Shoga! Wareno si walikwisha kufukuzwa? Wale walikuja na mizinga, huyu kaja na daftari. Angalia asije akakuchukulia ngome."

"Ngome gani, na paa langu linavuja?" akajibu Mwanasiti. Akamshika mgeni mkono, akamwingiza ndani.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Inesi alipewa ndoo. Siku ya kwanza alifika kutoka kisimani na nusu ya maji, nusu nyingine ikiwa mgongoni mwake. Wiki ya pili alifika na ndoo nzima na watoto sita nyuma yake waliokata tamaa ya kucheka. Alijifunza kukuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi, akakuna na kidole. Alifundishwa shikamoo, akampa kila aliyekutana naye, hata mjukuu wa Arafa mwenye miaka saba. Mtoto yule akaitikia marahaba, na wiki nzima akatembea kijijini mikono nyuma kama sheikh.

Alijaribu kusuka ukili, ule mshipi wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Arafa aliuinua ukili wake, akautazama unavyopinda kulia, kisha kushoto. "Huu mkeka ukiisha atalala nyoka," alisema. Inesi akaliandika neno hilo kwenye daftari lake, maana aliandika kila kitu.

Kilichompendeza Mwanasiti ni adabu yake. Adhana ya alfajiri ikisikika, msichana naye aliamka, akakaa kizingitini kimya mpaka sala iishe, kisha akawasha jiko la chai. Jumapili alitoa rozari yake akaenda nayo uani, naye Mwanasiti akawafukuza kuku wasimsumbue. Siku moja wakila pweza wa nazi, Inesi alisema kwamba kwao, usiku wa kuamkia Krismasi, watu hula pweza kwa viazi.

"Pweza? Siku ya Idi yenu?"

"Ndiyo, Mama. Bibi yangu asipompata, analia."

Mwanasiti akamwongeza kipande sahanini. "Basi nyinyi si watu wabaya," alisema.

Bamvua la kwanza lilipoingia, Inesi aliomba kumfuata. Kazi yake ya chuo ilikuwa kuandika jinsi wanawake wanavyovua pweza. Mwanasiti alifikiri siku nzima. Kumkatalia mgeni ni aibu, na macho ya mgeni ni makubwa lakini hayaoni. Huyu hata njia ya kisimani alipotea mara mbili. Atauona mwamba wote kama jiwe moja, atarudi kwao, basi. Akamkubalia.

Msichana alimfuata nyuma kwa raba zilizochoka, hasemi, hanyooshi kidole. Mama akisimama, naye alisimama. Mwanasiti aligeuka mara moja kumtazama, akahisi kitu kikimpita kifuani, kitamu na kichungu pamoja. Ndivyo alivyotaka Warda awe.

Jambo moja tu lilimchekesha. Kwenye kila tundu Inesi aliinua mkono akabonyeza saa yake, saa kubwa nyeusi. "Anaogopa maji yasije yakamkuta," Mwanasiti aliwaza, akamhurumia. Jioni, akiwa amekwisha wapigapiga pweza jiweni wakalainika, alimtajia majina ya nyumba, maana kila moja ilikuwa na jina tangu enzi za bibi: Chumba cha Harusi, Kwa Mjane, Mlango wa Fundi, Bafuni. Mpaka mwisho wa bamvua la tatu alikuwa amempitisha nyumba thelathini na moja. Tatu alibakiza. Mwenye akili hafungui kasha lote mbele ya mgeni.

Wiki ya sita ilifika. Kesho yake wanafunzi wangeonyesha kazi zao shuleni mbele ya wanakijiji, kama ilivyokuwa desturi ya Mwalimu Sospeter. Asubuhi Inesi alivuka kwa mashua, akapanda bodaboda mpaka Kilindoni, akarudi alasiri na karatasi ndefu iliyoviringwa ndani ya nailoni.

"Mama, kaa. Nina zawadi."

Akaikunjua juu ya mkeka. Mwanasiti alivaa miwani yake. Ilikuwa picha ya mwamba, kama aonavyo ndege. Akaitambua hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, akalitambua Jiwe la Ngamia, akaona mkondo wa maji unavyozunguka, akacheka kwa furaha. "Subhanallah! Kumbe ndivyo ulivyo!" Kisha akaviona vitone vyekundu.

"Hivi ni nini, mwanangu?"

"Ni nyumba zako. Zote thelathini na moja." Uso wa Inesi ulikuwa unang'aa. "Nilibonyeza saa, saa ikaandika mahali."

"Saa inaandika mahali?"

"Ndiyo, Mama. Na hapa juu nimeweka jina lako. Kesho naitundika ukutani shuleni. Kijiji kizima waone kazi yako."

Mwanasiti alivua miwani yake. Kijiji kizima: yaani vijana wa miwani ya kuzamia, yaani wale wa upondo. Tangu nyavu za macho madogo zilipokatazwa na hifadhi ya bahari, nusu ya watu walikuwa wamegeukia pweza, na aliyekosa tundu alitafuta la mwenziwe. Bamvua moja lingetosha kuwa kifusi kile ambacho mabibi watatu walikitunza.

Lakini mgeni hagombezwi kwa zawadi. Alikuwa bado anatafuta neno la kusema mlango uliposukumwa, na Bi Arafa akaingia kuomba chumvi.

Mwanasiti alivua kanga ya kichwani, akaitandaza juu ya karatasi kwa mkupuo mmoja.

"Mnaficha nini, shoga?"

"Nguo za ndani za mgeni."



"Nguo za ndani," alisema Arafa, akiutazama urefu wa kanga, "mnazitandaza sebuleni kama mkeka wa mswala?"

"Kwao ndivyo zinavyokunjwa. Chumvi iko jikoni, nyuma ya mtungi. Chukua na ndimu."

Arafa alichukua chumvi, ndimu, na muda wake. Alipotoka, Inesi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini umemdanganya rafiki yako?"

"Nitaomba msamaha kwa Mungu. Keti."

Akamweleza. Akamwambia habari za mama yake na bibi yake, za kutembea nyuma bila kusema, za shoga wanne na kidole, na tundu lililokufa mchana mmoja. Hakupandisha sauti. "Mlango wa chumbani mtu humwonyesha binti yake, Inesi. Hautundikwi ukutani."

Machozi yalianza kumtoka msichana kabla maneno hayajaisha. Akainyakua karatasi aichane. Mwanasiti akamshika mikono.

"Usichane! Karatasi nzuri hii. Niambie, ziko ngapi?"

"Hii tu. Na kwenye saa. Na kwenye kompyuta yangu." Inesi alipenga kamasi. "Na dukani kwa Warda. Yeye ndiye aliyeichapa."

Nyumba thelathini na moja zimepita mikononi mwa Warda, naye hakujua alichoshika.

"Hakukuuliza?"

"Aliuliza vitone ni nini. Nikamwambia ni siri mpaka kesho."

Walimpigia simu hapo hapo. Inesi alifuta ya kwenye saa na ya kwenye kompyuta, Mwanasiti akimtazama kidole, huku simu ikilia upande wa pili.

"Warda, ile picha aliyoleta mgeni ifute kwenye mashine yako."

"Kwani ina nini, Mama?"

"Ifute, mwanangu. Usiulize."

Ikasikika sauti ya vitufe. "Nimefuta," alisema Warda. Kisha, polepole, si kama kawaida yake: "Ila nani mimi kwako, Mama, hata mgeni wa wiki sita ajue, nami nisijue?"

"Salio linakwisha," alisema Mwanasiti, akakata. Salio halikuwa linakwisha.

Asubuhi Mwalimu Sospeter alikuja kuwachukua, akaambiwa kazi haitakuwa na ramani. Alikuna kidevu. Alisema bila mahali palipoonyeshwa alama za mtoto zitashuka, na yeye hapendi kumwona anaonewa.

"Mwalimu," alisema Mwanasiti, "huko kwenu ziwani, baba yako alipokuwa akitega sangara, mahali alipotega alipatangaza kanisani?"

Mwalimu alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka koti likafunguka. "Bi mkubwa, hata mama yangu hakuambiwa."

"Basi."

"Basi," alisema Mwalimu. "Nitamwandikia barua mwalimu wake wa chuo. Nitamwambia yapo mambo yanayohesabika na mengine hayahesabiki."

Shuleni Inesi alisimama mbele ya watu na karatasi moja tu, yenye majina ya nyumba bila mahali pake. Aliyasoma kwa Kiswahili chake cha wiki sita. Watu walicheka aliposema Bafuni, wakapiga vigelegele aliposema Chumba cha Harusi. Kijana mmoja wa upondo akanyoosha mkono: "Hapo Kwa Mjane, ni upande gani?"

Inesi alimtazama. "Muulize mjane," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Mwanasiti, ambaye alikuwa mjane tangu miaka kumi na minne nyuma, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Arafa alimgonga kiwiko. "Mreno wako amepata ulimi," alisema. "Na zile nguo za ndani amezikunja?"

Kesho yake msichana aliondoka, akalia bandarini, akampa shikamoo hata nahodha aliyekuwa mdogo kwake. Baadaye ilikuja kadi: alama zimeshuka kidogo, bibi yake hajambo, na mwaka huu pweza wa Krismasi alimpika yeye, kwa nazi.

Ramani ilibaki. Usiku ule Inesi alipoondoka, Mwanasiti aliibeba jikoni kuichoma. Aliishika juu ya makaa mpaka ncha ikaanza kuwa kahawia. Kisha akaiviringa, akairudisha ndani ya nailoni. Hakumwambia mtu kwa nini.

Aliishi miaka mitano zaidi, mingi yake mizuri. Aliendelea kwenda mwambani kila bamvua, akafika Bafuni na Kwa Mjane, akarudi na kikapu. Warda aliendelea kuja na sukari na sabuni, na hakuuliza tena. Mwezi wa Shaabani wa mwaka wa tano Mwanasiti alishikwa na homa ya siku nane. Siku ya tisa, baada ya kumuaga Arafa na kumwomba radhi kwa uongo wote wa ujirani, alitamka shahada na kwenda kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kama wanawake wa umri wake, alikuwa ameiweka sanda yake tayari ndani ya kasha, pamoja na ubani na chupa ya marashi. Warda alilifungua kasha, akaitoa sanda kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na nailoni ndefu. Hakuifungua siku hiyo. Mazishi yana haraka yake.

Aliifungua siku ya nne, peke yake, juu ya kitanda walicholala wote wawili. Karatasi aliitambua kabla ya picha. Ilikuwa ya dukani kwao. Vitone vyekundu vile vile. Lakini sasa kando ya kila kitone palikuwa na maandishi ya kalamu, herufi za Kiarabu, kama yeye na mama yake walivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, kwa kuwa za Kizungu mama hakuzijua: jina la nyumba, na hatua ngapi kutoka jiwe gani. Mahali pengine alikuwa amemsahihisha Mreno: "Saa imekosea, rudi nyuma hatua nne." Vitone viwili vilikuwa vimekatwa, na kando: "Limevunjika, Mungu awasamehe." Na kulikuwa na vitone vitatu vyeusi vilivyochorwa kwa wanja, ambavyo hakuna mashine iliyovichapa.

Juu, chini ya jina lake lililopigwa chapa, Bi Mwanasiti alikuwa ameandika: "Haya ni ya Warda. Aje peke yake."

Warda alisoma maneno hayo mpaka karatasi ikalowa. Alimshukuru Mungu, aliyemwondolea mama akamwachia njia ya kumfuata.

Baada ya arobaini aliomba ruhusa dukani, akavuka kwenda Juani na bamvua. Aliamka alfajiri, akasali, akachukua mkuki mfupi nyuma ya mlango, akashuka mwambani na kikapu cha mama yake. Kutoka Jiwe la Ngamia alihesabu hatua kumi na saba kwa moyo. Mdomo wake, uliozoea kusema tangu asubuhi hadi jioni, ulikuwa umefungwa.

Penye kitone cha kwanza cha wanja palikuwa na ufa mwembamba ambao mtu angepita juu yake miaka mia. Mbele yake kulikuwa na magamba ya kaa, mapya, mabaki ya chakula cha mwenye nyumba. Warda alichutama, akasoma Fatiha bila kutikisa midomo, akaingiza ncha ya mkuki polepole. Mkono mmoja wa kahawia ukatoka tunduni, ukaupapasa mkuki, ukaushika.

"Warda!" Sauti ya Bi Arafa ilikuja kutoka mbali, upande wa pili wa hori, naye amesimama na kikapu chake, amekinga jua kwa kiganja. "We Warda! Unatafuta nini huko?"

Warda aliuchomoa mkuki taratibu, akasimama. Akasogea hatua sita kushoto, akainama penye jiwe tupu.

"Hereni yangu, Bi Arafa!" alijibu kwa sauti. "Imeanguka!"

Akaendelea kupekua penye jiwe tupu, taratibu, mpaka Arafa alipochoka kutazama na kugeuka.